Nauli ya Drift: Miungu, Matabaka ya Kuwepo na Swali la Nani Analipa

Katika michezo ya uhusika, ile ambayo watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mwenzao mmoja anasimamia kisa, miungu mara nyingi huwa mapambo tu. Mchezaji anajaza karatasi ya mhusika: jina, nguvu, silaha. Akifika kwenye nafasi ya mungu anaandika jina lolote lile, alimradi apate uwezo wa kuponya majeraha. Basi. Baada ya hapo mungu huyo hasikiki tena mpaka mtu akatwe panga.

Somo hili linapinga mazoea hayo. Hoja yake ni kwamba namna mtunzi anavyopanga miungu na matabaka ya kuwepo ndiyo inayoamua ni maswali gani wachezaji wataweza kuulizana mezani. Mfano wetu ni Starfinder, mchezo uliotolewa na kampuni ya Paizo ya Marekani mwaka 2017. Tumeuchagua kwa sababu ndani yake kuna huduma moja, usafiri wa anga, ambayo kila mtu anaitumia. Aliyeitoa ni mungu, aliitoa bure, na bei yake inalipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Neno moja kwa wenzetu wenye wasiwasi wa imani: miungu tunaowazungumzia hapa ni wahusika wa kubuni, kama walivyo majini na mazimwi katika hadithi za bibi. Hakuna anayetakiwa kuwaabudu. Tunachotakiwa ni kuwachambua.

1. Maneno tutakayotumia

Hadithi za kisayansi kwa kawaida hujaribu kueleza maajabu yake kwa sayansi, hata ikiwa ya kubuni. Njozi za kisayansi hazijifungi hivyo. Zinaweka roboti na mchawi kwenye chombo kimoja cha anga, na hakuna anayeshangaa. Starfinder ni ya aina hii. Mhusika wako anaweza kuwa fundi wa mitambo, na jirani yake mezani akawa mtu anayechanganya uchawi na programu za kompyuta.

Tabaka la kuwepo ni eneo zima lenye kanuni zake za maumbile, lililo nje ya anga tunaloliona kwa darubini. Msomaji wa Kiswahili hapa hana kazi kubwa, maana lugha yetu ina mbingu saba, ahera, kuzimu na barazakhi. Tofauti ni kwamba katika mchezo matabaka haya ni mahali. Yana wakazi, yana mipaka, na mtu mwenye uwezo anaweza kwenda na kurudi.

Wazo la kuyachorea ramani ni la zamani kidogo. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974, na kufikia mwaka 1977 Gygax alikuwa ameshachapisha makala fupi yenye mchoro wa matabaka hayo. Paizo walirithi desturi hiyo katika mchezo wao wa Pathfinder, wenye mapanga na majumba ya mawe. Starfinder ni dunia ileile ya Pathfinder baada ya maelfu ya miaka. Ila dunia yenyewe, Golarion, imetoweka. Mahali ilipokuwa kinaelea kituo kikubwa cha anga kiitwacho Absalom.

Tena si dunia tu iliyopotea. Kuna kipindi kirefu cha historia kilichofutika katika kumbukumbu na maandishi ya viumbe wote, nasi tutakiita Pengo. Mchezo unaanza mwaka wa 317 baada ya Pengo kwisha.

2. Mungu asiyehitaji kuthibitishwa

Kitabu cha msingi cha Starfinder kinaorodhesha miungu 20 wakuu. Wapo waliotoka nao zama za mapanga, kama Abadar wa biashara na sheria, Pharasma wa uzazi, kifo na hukumu, na Sarenrae wa jua na ukombozi. Wapo pia wapya waliokuja na anga: Weydan wa ugunduzi na usawa, Yaraesa wa elimu na ukweli wa kisayansi, Oras wa mageuko ya viumbe. Yupo hata Mlaji, ambaye wafuasi wake wanangoja nyota zote zilipuke na kila kitu kimezwe.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mjadala wa dini. Katika ulimwengu huu hakuna anayebishana kama Pharasma yupo. Malaika wanaonekana, wachawi wanazungumza na wafu, na kuna watu waliofika alipo wakarudi. Swali la kama Mungu yupo, ambalo limewakesha wanafalsafa kwa karne nyingi, limekufa.

Linalobaki hai ni swali ambalo Plato aliliweka katika mazungumzo yake yaitwayo Euthyphro: je, jambo jema ni jema kwa sababu miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa sababu ni jema? Pale ambapo miungu ni 20 na wanapingana, swali hili linakuja mezani lenyewe. Besmara anawabariki maharamia. Abadar anawabariki wafanyabiashara wanaoibiwa na maharamia haohao. Wote wawili ni miungu kweli na wote wanajibu sala. Kwa hiyo kusema “mungu wangu ameniruhusu” hakumalizi ubishi wowote. Ndiyo kwanza kunauanzisha.

Kanuni za mchezo zinasisitiza jambo hili kimyakimya. Mhusika anayeitwa mystic, aliye karibu zaidi na kuhani kati ya wahusika wa kitabu cha msingi, halazimishwi kuwa na mungu. Anaweza kupata nguvu zake kutokana na nyota, akili au mfungamano wa viumbe. Maana yake, anayemfuata mungu amemchagua. Na aliyechagua anaweza kuulizwa kwa nini.

Kisha kuna ukimya. Miungu walipoulizwa Golarion iko wapi, walijibu kwamba iko salama, na hapo wakanyamaza. Kuhusu Pengo nako hawatoi maelezo. Hapa mtunzi amefanya jambo la busara. Amewapa wachezaji miungu wanaoonekana na kusikika, kisha akawanyima jambo moja wanalolitamani kuliko yote. Katika ulimwengu huu imani haimaanishi kukubali kwamba mungu yupo. Inamaanisha kumwamini mtu unayejua kabisa kwamba anakuficha kitu.

3. Ramani ya ahera

Ili tuelewe nauli ya Drift, lazima kwanza tujue matabaka yameundwa na nini.

Tuyapange kwa urahisi katika makundi mawili. Matabaka ya ndani ndiyo karakana ya maumbile: moto, maji, hewa, ardhi, nguvu inayohuisha na nguvu inayofisha, pamoja na ulimwengu wetu wa nyota na sayari. Matabaka ya nje ni makazi ya miungu, malaika, mashetani na roho za wafu. Humo mna Pepo na Jehanamu, mna Nirvana, mna Axis ambao ni mji wa utaratibu usio na mwisho, na mna Maelstrom, bahari ya vurugu inayozitafuna kingo za matabaka mengine.

Mtu akifa, roho yake inaingia katika Mto wa Roho na kuchukuliwa hadi uwanja wa Pharasma. Pharasma anamhukumu, halafu anampeleka kwenye tabaka linalolingana na maisha aliyoishi. Huko roho inapata umbo jipya na kuendelea. Lakini safari haikomei hapo. Baada ya muda mrefu roho huungana na tabaka lenyewe na kuwa sehemu ya malighafi yake. Mlima unaouona Peponi, au ukuta wa mji wa Axis, umetokana na waliokuwa watu.

Shika sana jambo hili, ndilo mhimili wa somo. Katika ulimwengu huu ahera si ardhi iliyokuwepo tangu mwanzo ambayo wafu wanakaribishwa kuishi juu yake. Ahera imejengwa na wafu.

4. Triune na zawadi yake

Katika orodha ya miungu 20 yupo mmoja asiyefanana na wenzake. Triune ni mungu wa kompyuta, akili bandia na usafiri wa anga, na ni watatu katika mmoja. Wa kwanza ni Epoch, akili kubwa iliyoundwa na mashine za sayari ya Aballon. Wa pili ni Brigh, mungu wa kale wa uvumbuzi na mitambo. Wa tatu ni Casandalee, androidi aliyepanda hadi kuwa mungu. Watatu hao waliungana kwa hiari.

Kabla ya Triune, kwenda kwenye nyota nyingine kulikuwa kwa wachache wenye uchawi mkubwa au mitambo ya kale. Mwaka wa 3 baada ya Pengo, Triune alirusha ujumbe angani uliopewa jina la Ishara. Ndani yake mlikuwa na maelekezo ya kuunda injini inayoweza kukiingiza chombo katika tabaka jipya lililoitwa Drift. Ishara haikuchagua rafiki wala adui. Waliotaka biashara waliipata, na waliotaka kuteka sayari za wenzao nao waliipata.

Drift haifikiki kwa uchawi. Ni lazima uwe na injini. Muda wa safari ndani yake hautegemei sana umbali. Unategemea wingi wa vinara vya kuongozea vyombo, ambavyo makuhani wa Triune huvitawanya sehemu mbalimbali za anga. Mezani hesabu ni rahisi. Safari ya ndani ya mfumo mmoja wa jua ni siku utakazopata kwa kurusha dadu moja ya pande 6. Kwenda maeneo yenye vinara vingi ni jumla ya dadu 3. Kwenda mbali kusikojulikana ni dadu 5. Kurudi kituo cha Absalom ni dadu moja tu, popote ulipo, kwa sababu kituo hicho kina jiwe la ajabu linalofanya kazi ya kinara kikubwa. Injini bora hupunguza siku hizo.

Mpaka hapa mambo ni mazuri. Sasa tuje kwenye nauli.

Kila injini ya Drift inapowashwa, kipande kidogo cha tabaka fulani, lolote lile bila mpango, kinang'olewa na kuongezwa kwenye Drift. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo kipande kinavyokuwa kikubwa. Ndiyo maana wasafiri wanakutana humo na visiwa vya moto vilivyotoka Jehanamu na mabaki ya bustani za Peponi, na viumbe waliokuwa juu yake siku hiyo. Hawakuomba kuja, na wengi hawana njia ya kurudi.

Katikati ya Drift uko mji wa Alluvion, makao ya Triune. Kila safari inakuza tabaka analokaa aliyetoa zawadi.

5. Nani analipa?

Wanafunzi wa uchumi wana jina la jambo hili: gharama za nje. A. C. Pigou alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu uchumi wa ustawi. Mtu anafanya shughuli yenye faida kwake, na sehemu ya gharama inamwangukia mwingine asiyehusika. Mfano uliozoeleka ni moshi wa kiwanda. Mwenye kiwanda anauza bidhaa, jirani anakohoa. Dawa iliyotokana na hoja za Pigou ni kodi, ili anayechafua aihisi ile gharama mfukoni mwake. Katika Drift tatizo linakuwa gumu zaidi, kwa sababu jirani anayekohoa amekwisha kufa. Kodi atalipwa nani, na kwa sarafu gani?

Wachezaji wengi wakielezwa habari hii kwa mara ya kwanza hujitetea kwa moja ya njia tatu. Tuzipime.

Utetezi wa kwanza: “Ni kipande kidogo.” Kweli, kwa chombo kimoja. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tangu Ishara mpaka mchezo unapoanza ni zaidi ya miaka 300 ya meli za mizigo, za vita na za watalii. Drift imekua tabaka zima kwa vipande vidogovidogo hivyo. Udogo wa kila tendo ndio unaofanya asiwepo hata mmoja anayejiona mkosaji.

Utetezi wa pili: “Hakuna anayelengwa, ni bahati nasibu.” Hapa ukumbuke hadithi fupi ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1973 kuhusu mji wa Omelas, ambao raha yake yote inategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa. Wakazi wa Omelas wanamjua mtoto huyo. Wanaweza kwenda kumwona, na wengine wakishamwona wanauhama mji. Msafiri wa Drift hana mtoto wa kwenda kumwona. Mhanga wake hana sura wala jina. Je, hilo linapunguza kosa, au linapunguza aibu tu? Ukijibu kwamba ni aibu pekee iliyopungua, utetezi wa pili umeanguka.

Utetezi wa tatu ndio wenye nguvu: “Tunahitaji.” Bila Drift, sayari iliyopatwa na tauni haifikiwi na dawa, koloni lililoishiwa chakula linakufa, na ndugu waliotengana hawaonani tena. Mwaka 2022 Paizo walitoa kitabu kiitwacho Drift Crisis, kinachowaza ingekuwaje Drift yenyewe ikivurugika, na picha inayotoka ni ya vyombo vilivyokwama na sayari zilizokatika na wenzake. Kwa hiyo hatuwezi kujifanya kwamba jibu ni kuzima injini zote kesho asubuhi. Walio hai nao wana haki.

Lakini hitaji lina mipaka. Kuna meli inayopeleka dawa na kuna meli inayowapeleka matajiri kutalii, na injini zao zinang'oa vipande vilevile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nahodha anayesema “tunahitaji” aulizwe kama angesema hivyohivyo angejua kwamba kipande kitakachong'olewa leo ni pale ilipofikia roho ya mama yake.

6. Linganisha na ulimwengu mwingine

Ili tuone kwamba maswali haya yametokana na namna ulimwengu ulivyopangwa, tutazame mifano miwili, yote ya Dungeons & Dragons.

Dark Sun, wa mwaka 1991, unatokea katika sayari ya jangwa iitwayo Athas. Huko hakuna miungu. Anayefanya uchawi kwa pupa ananyonya uhai wa mimea iliyomzunguka, na udongo unabaki majivu. Gharama iko mbele ya macho yako, chini ya miguu yako. Kwa hiyo swali la Dark Sun ni la kujizuia: utaacha uchawi ambao ungekuokoa leo, ili nyasi ziote kesho?

Planescape, wa mwaka 1994, umekwenda upande mwingine. Miungu ni wengi na matabaka ni mengi, lakini imani ya viumbe wa kawaida ina nguvu ya kuisogeza ardhi. Mji ulio mpakani, wakazi wake wakibadilika mioyo, unaweza kuteleza na kuingia katika tabaka jirani. Swali la Planescape ni la ushawishi: nani ataibadilisha mioyo ya watu, na kwa faida ya nani?

Starfinder yenyewe inauliza kuhusu mfumo. Hakuna mchawi mroho wa kumnyooshea kidole, wala mji unaoteleza mbele ya macho yako. Kuna nauli ya kila siku, ratiba ya meli, na madhara yanayotokea mbali kabisa na aliyebonyeza kitufe.

7. Kwa anayetaka kuunda ulimwengu wake

Ukitaka kutunga mwenyewe, usianze na orodha ya majina ya kutisha. Anza na maswali manne.

Kwanza, miungu wako wanajulikana kwa kiasi gani? Wakijulikana kabisa, wape kitu cha kunyamazia. Wasipojulikana kabisa, wape wafuasi sababu ya kugombana kuhusu tafsiri.

Pili, matabaka yako yameundwa na nini? Yakiwa mawe na moto tu, ni mandhari. Yakiwa na uhusiano na watu, kila linaloyagusa litawagusa watu.

Tatu, nani anapita, na kwa ruhusa ya nani? Mpaka usio na mlinzi wala ada haumpi mchezaji uamuzi wa kufanya.

Nne, nani analipa? Kila uwezo mkubwa katika ulimwengu wako, uwe uchawi, injini au muujiza, uwe na gharama, na uamue kama inamwangukia anayeutumia, jirani yake, au mtu asiyemjua.

Zoezi la kikundi

Chombo chenu kimebeba chanjo ya kupeleka koloni la mbali, safari ya dadu 5. Mkiwa ndani ya Drift mnakuta kipande cha Nirvana kikielea, kina nyumba chache na roho kadhaa zilizong'olewa nacho. Kumbukumbu za chombo zinaonyesha kwamba kipande kilifika dakika ileile mlipowasha injini. Roho zinaomba zirudishwe. Kwa kuwa uchawi hauna njia ya kuingia au kutoka Drift, itabidi mzipakie, mgeuze na kupita Absalom kumtafuta mwenye uwezo wa kuzifikisha Nirvana, kisha mwanze upya. Mtachelewa zaidi ya siku 20. Kwenye koloni watu wanakufa kila siku. Na kugeuza kwenyewe kuna nauli, maana mtakaporudi njiani mtaiwasha injini tena.

Mystic wenu ni mfuasi wa Triune. Mpeni nafasi azungumze kwanza, halafu kila mchezaji aseme uamuzi wake na sababu zake kabla dadu yoyote haijarushwa. Msimamizi asitoe jibu, na asiwaletee mungu wa kuwaokoa.